Upinde wa Kabula kwa Bei ya Jogoo Wako

Baba Minza,

Huna haya. Tangu tulipokuzika mvua zimekuja zikaisha, mtama umeota ukavunwa, na wewe hujanijia hata kwenye ndoto ya kupita njia. Wajane wenzangu hapa Kisesa waume zao huwajia, wengine mpaka wanadai uji. Mimi nalala na kuamka kama niliyeolewa na gogo. Halafu nasikia Nyakato unakwenda. Mdogo wako Masanja, anayekaa huko, anatangaza kwa watu kwamba umemtokea mara mbili, umekaa kitandani kwake, umemwambia auchukue upinde wako. Kwa Masanja unapata njia, kwangu umepotea?

Anayeandika ni mwanao Minza, maana mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na mbuzi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie sukari. Akisita nampiga kiwiko.

Sasa sikiliza. Siku ya kumaliza matanga ukoo wako ulikaa uani, wakala, wakashiba, wakaanza maneno. Wakasema upinde utabaki umetundikwa juu ya mlango mpaka mavuno. Mavuno yakifika, kama ndani ya mji huu yupo anayejua kupiga mshale, apige mbele yao, upinde uwe wake na mji uwe wake. Kama hayupo, Masanja anachukua vyote. Walijua wanachosema. Hatukuzaa mtoto wa kiume, Minza ana binti mmoja tu, Kabula, na Masanja alikuwa ameshawaonyesha watu wanaotaka kujenga gesti kiwanja chetu, kwa kuwa kiko barabarani. Niliposema mjukuu wangu atajifunza, alicheka mpaka akajifuta macho. "Shemeji, tangu lini upinde ukavaa sketi?" Na wewe ukanyamaza kwenye kaburi lako jipya, mwanaume uliyekuwa unagombana hata na redio.

Lakini hasira yangu haikuanzia kwa Masanja. Ilianzia kwako. Upinde wako uliuchonga kwa kipimo cha mkono wako, mkono wa mtu aliyebeba magogo tangu ujana. Kila kijana aliyekuja kuomba umfundishe ulimpa huohuo. Anavuta, anatetemeka, kamba haifiki hata kifuani, wewe unacheka na kuwaita wenzako waje waone. Wakaondoka na aibu yao, hawakurudi. Hukuwahi kumchongea mtoto hata mmoja upinde mdogo wa kuanzia. Umekufa na ujuzi wako kama mchoyo aliyekufa na tonge mdomoni.

Na sisi wajinga tukafanya vilevile. Tulisema ni dharau kushika upinde mwingine wakati wa marehemu unaning'inia mlangoni. Tukaushusha, tukampa Kabula. Mke mwenzangu yule, uliyekuwa unamwita mke wako mdogo na kumfichia karanga mfukoni, alivuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikamponyoka, ikamchapa mkono kwa ndani, ukavimba kama muhogo. Hakulia mbele yetu. Alikwenda kulia zizini, katikati ya ndama, akidhani mimi ni kiziwi. Siku hiyo nilikutukana, Baba Minza. Nilikutukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikutosha.

Minza akasema tumtafutie wa bei nafuu, wa kujifunzia. Akaenda mjini, akarudi na upinde wa wacheza ngoma. Shanga, ngozi nyekundu, rangi mpaka kwenye ncha. Nikamwambia rangi nyingi huficha kitu, akanuna. Hapa amesita kuandika, nimempiga kiwiko. Mshale wa pili tu, mti ukalia, ukapasuka katikati. Upinde wa ngoma ni wa kuinuliwa juu watu washangilie, haukutengenezwa kuvutwa. Niliupikia maharage, na hata moto wake ulikuwa hafifu.

Basi nikajifunga kitenge, nikamshika Kabula mkono, tukaenda Pasiansi kwa Lugata.

Ndiyo, Lugata. Geukia ukutani huko ulipo ukipenda. Yule uliyemkataza kukanyaga hapa kwa sababu ya kwale mmoja aliyekufa kwa mishale miwili, kila mtu akidai wake ndio uliotangulia. Mmezeeka na kwale huyo. Siku hizi anaishi kwa mwanawe mvuvi, na bado anachonga pinde za watoto wanaochunga. Aliponiona alisimama, akavua kofia. "Mama Minza, pole. Alikuwa na mkono mzuri, mbishi yule." Nikamwuliza kama anauza pinde au anauza maneno.

Akanitolea mmoja mzito, mzuri, akasema mtoto atakua. Nikamjibu akikua tutarudi, leo nanunulia mkono wa leo. Nilichagua mwenyewe, na nakuambia nilivyochagua ili ujue kwamba kazi haikuwa ngumu, mgumu ulikuwa wewe. Niliacha zote zilizopakwa rangi. Nikachukua za mti wa mkole, tupu, zinazoonyesha mishipa yake, nikaziinua kwenye jua kutafuta nyufa na vifundo. Nikamsimamishia Kabula mmoja mmoja mbele yake, zile zilizomfika kidevuni nikazibakiza. Nikatazama kama pande mbili zinapinda sawa, kama pembe za ng'ombe mmoja. Kamba nilitaka ya nyuzi za nyavu iliyosokotwa vizuri, maana ya ngozi ikinyeshewa inalegea, na kule ziwani nyuzi hazikosekani.

Halafu nikamwambia avute mpaka shavuni, ashike hapohapo, aniamkie. Shikamoo bibi. Marahaba, habari za nyumbani? Kwenye upinde wa kwanza "nzuri" yake ilitoka inatetemeka, nikaurudisha. Wa pili alijibu habari za nyumbani, za mama zikamshinda. Wa tatu tulisalimiana mpaka habari za ng'ombe na za ndama wao, sauti imetulia kama maji ya mtungini. Nikasema huo. Haukuwa mzuri kuliko wenzake. Ulikuwa wake.

Sasa bei. Nilimpa jogoo wako. Yule mwekundu, mwenye kiburi, anayewika kabla ya wenzake na kunirukia miguuni nikimwaga pumba. Nilitoka naye nyumbani kwenye kikapu, kwa hiyo usiseme nilipitiwa. Lugata alipojua ni wako alimpokea kama mtu aliyerudishiwa kwale wake.

Kabula akaanza kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba, karibu kabisa, karibu auguse, alivyoagiza Lugata. Mkono kwanza ujue njia, umbali utakuja wenyewe. Mgomba ukawa kama chekeche. Jirani akauliza umetukosea nini.

Mavuno yakafika, nao wakaja. Masanja amevaa koti. Analinda geti la kiwanda kwa kirungu, lakini siku hiyo alitembea kama jemadari. Wakaweka kibuyu juu ya kichuguu. Mshale wa kwanza wa Kabula ulipita pembeni, ukapotelea kwenye mihogo. Masanja akakohoa kwa raha, na watu wa gesti nao walikuwepo, wamesimama barabarani wanajifanya wanangoja gari. Nikaona mtoto anaanza kuwatazama wao badala ya kibuyu. Nikasema kwa sauti, pale mbele ya ukoo mzima, "Kabula, habari za nyumbani?"

Akavuta mpaka shavuni, akashika. "Nzuri, bibi." Akaachia. Kibuyu kikapasuka vipande.

Masanja akaruka. Akasema huo ni upinde wa kufukuzia ndege, wanagombania upinde wa marehemu, siyo mchezo wa watoto. Nikamwambia aushushe basi, atuonyeshe. Nilijua ninachofanya. Ubaya huo nilijifunza kwako. Akavua koti, akavuta. Kamba ilifika palepale ilipowafikia wote uliowacheka, mikono ikaanza kumchezacheza, mshale ukadondoka karibu na viatu vyake. Hakuna aliyecheka. Mimi pia sikucheka, ingawa Mungu anajua nilivyojibana. Dada yako mkubwa, ambaye mbele yake hata wewe ulikuwa unashusha macho, alijifuta midomo kwa kanga. "Aliyepiga amepiga," akasema. "Upinde mrudishieni Kabula mlangoni kwake."

Wakautundika. Watu wa gesti wakapata gari ghafla.

Kwa hiyo mji haujauzwa. Kigoda chako kipo, hakuna anayekikalia. Nakifuta vumbi kila asubuhi na kila asubuhi nakisema vibaya. Ugali bado napika wa watu wanne. Minza ananikumbusha, nami najibu kwamba najua kuhesabu, halafu kesho napika uleule. Ulikuwa na haki gani ya kwenda kabla hatujamaliza kugombana?

Naahidi hivi, na ahadi yangu unaijua. Upinde wako nitaupaka samli kila mwezi ukiandama, usikauke, mpaka siku mkono wa Kabula utakapoufikia. Sitamharakisha. Na mtoto yeyote atakayekuja hapa kuomba kujifunza, wa kike au wa kiume, ataanza na ule wa jogoo, na atakayemcheka atatoka bila kula.

Lala, mbishi wangu. Ardhi isikubane sana. Ikubane kidogo tu.

Na ukija, maana utakuja, hutavumilia kusikia nimemwita Lugata nyumbani, usipitie nyuma kwenye mgomba, mishale inaruka kule. Pita mbele. Usisukume mlango kama ulivyozoea na kuuliza chakula kiko wapi. Piga hodi, usimame hapo nje, umngoje Kabula akukaribishe. Mwenye mji ni yeye.