Suti Iko kwa Kitanda

Baba Moureen,

Ukitoka shifti ya usiku, uji uko kwa thermos. Msichuje chai na kile kichujio cha kwenye msumari, nilichujia petroli.

IMEWAKA! Ile pikipiki ya marehemu babangu, uliyosema tuuzie watu wa skrepa kama chuma chakavu. Asubuhi nimemtoa kuku aliyekuwa amelalia mayai kwa kiti, nikapiga kiki mpaka ndala ikarukia kwa majani chai. Iliponguruma, ng'ombe akapiga ndoo teke. Kwa hivyo maziwa hakuna, Moureen aombe kwa kina Chelangat.

Kiti nimekishona na aproni yangu ya kuchumia chai. Taa ni ya ile baiskeli yako, pole. Inapendeza, utaona! Nimeteremka nayo Chepseon kujaza tairi upepo.

Sasa, wewe uliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba hiyo chuma ikiwaka, utabebwa nyuma mpaka mlangoni pa kanisa. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma, kwa sababu babangu alinibeba na hiyo hiyo kila Jumapili nikiwa mdogo.

Leo ni Jumapili.

~~Ukiona haya, tangulia tu kwa miguu, nitaelewa.~~ Hapana, sitaelewa. Utapanda.

Suti nimeipiga pasi, iko kwa kitanda. Ukisikia honi, toka. Na unishike kiuno vizuri mbele ya hao wazee wako, breki inayoshika ni moja tu.

Mama Moureen, dereva wako