Mama Mkwe Anampa Binti Yangu Insha za Kunichunguza

Mshauri wangu mpendwa, niokoe kabla ya Ijumaa, maana hapa nilipo nimejifungia chumbani kama vile mimi ndiye mgeni. Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, alikuja kwetu kutibiwa goti, goti limepona, yeye bado yupo, na kwa hilo sina neno, ila alipoona binti yangu wa darasa la tano anaandika insha za mistari minne akasema mtoto huyu ataaibisha ukoo, akaanza kumpa insha kila akitoka shule. Nikafurahi, nikajua yatakuwa mambo ya "Mnyama nimpendaye", kumbe ya kwanza ilikuwa "Mama anavyoshinda nyumbani siku ya Jumamosi", ya pili "Chakula kilichomwagwa wiki hii na sababu zake", na mtoto naye, ambaye baba yake humwita Redio, anaandika bila kuficha kitu, eti mama alichelewa kuamka, akaunguza maharage, akasingizia jiko. Nami nikajifanya mjanja, nikamnunulia biskuti aandike kwamba nimefua mapazia yote ya sebuleni, insha ikarudi na wino mwekundu: "Mapazia nimeyaona. Rudia." Nikamlalamikia mume wangu, akasema, "Mama anamsaidia mtoto, wewe unataka nini?" na kinachoniuma ni kwamba anamsaidia kweli, maana juzi Redio amekuwa wa kwanza kwa insha darasani, mwalimu wake akanipigia kunipongeza. Sasa wiki iliyopita nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu, nikamsema mama mkwe kidogo, si sana, na jana mtoto amekuja jikoni na penseli sikioni akaniuliza, "Mama, kwenye 'mmbea' M ni moja au mbili?" Nikamuuliza ya nini, akanijibu ni insha ya Ijumaa, "Mazungumzo niliyoyasikia". Mshauri, nimkataze mtoto kuandika, au nifungashe nirudi kwetu?

Ni mimi, Mama Redio

Mama Redio,

M ni mbili. Tumalize hilo kwanza.

Pole sana. Nimekuonea huruma, baada ya kucheka. Lakini nawe una makosa yako. Unamnunulia mtoto biskuti aandike uongo, tena uongo wa mapazia ambayo msahihishaji anashinda ameketi mbele yake siku nzima! Na wewe na dada yako mnaongea kwa sauti gani hadi mtoto anapata maneno ya kunukuu?

Sasa nisikilize. Usimkataze. Unajua kwa nini Redio anaandika vizuri? Kwa sababu kuna mtu anamsubiri amalize, mwenye hamu hasa ya kujua kilichotokea, anayemuuliza "kisha ikawaje?" na kumrudishia pasipoeleweka. Watoto wengi hupewa mada ambayo hata aliyeitoa hana haja na jibu lake, halafu tunashangaa wanaandika mistari minne. Mama mkwe wako kazi anaijua. Kaharibu kwenye mada tu: mtoto hapewi kazi ya kumpeleleza mama yake.

Kwa hiyo toka chumbani. Nenda mwenyewe, kabla ya hiyo Ijumaa, umwambie, "Mama, nilikusema kwenye simu. Nilikosea, nisamehe." Atanuna. Acha anune. Afadhali asikie kutoka kwako kuliko asome akiwa na kalamu mkononi. Akishapoa, mshukuru kwa ushindi wa mtoto, na ushukuru kwa moyo, kisha omba mada ziwe za zamu, wiki yake na wiki yako, na anayeandikwa asomewe insha kabla haijasahihishwa. Mumeo akileta maneno, mwambie na yeye zamu yake ya kuandikwa inakuja. Atatulia.

Mada yako ya kwanza nakupa mimi: "Bibi alipoolewa akaenda kuishi kwa mama mkwe wake." Redio aandae maswali, amhoji bibi yake, aandike, amsomee, arudi kuuliza palipopungua, ndipo anakili kwa mwandiko safi. Jumapili isomwe mezani nyote mkiwepo.

Na siku ya mahojiano uwe hapo hapo. Bibi akifika pale anapoanza kumsema mama mkwe wake, usicheke, wala usimtupie mumeo jicho. Mmiminie chai, vuta kiti, usikilize.