Murudishie Maji

Mujukuu wangu Kahindo,

Huku Keshero tuko wazima, na mama yako amerudi salama toka Butembo. Unauliza kama ufute picha zako za ndege kwa kuwa mwalimu amezikosoa.

Nilipokuwa kijana, nilimwonyesha Mama Masika, mpiga picha niliyemheshimu kuliko wote, picha ya ndege wa ufukweni. Nilikuwa nimekata ziwa lote ili ndege aonekane mkubwa.

“Ni muzuri,” akasema, “lakini anatembea wapi? Murudishie maji.”

Nikaisafisha upya kutoka kwenye filamu, safari hii na ziwa lake, huku nimenuna. Kwenye maji yale kifaranga chenye rangi ya mawe kilikuwa kinamfuata mama yake. Mama Masika akaita studio nzima waje kukiona, akiwaambia, “Muone kazi ya huyu mutoto!”

Usifute, mpenzi.

Babu yako