Sabuni ya Wifi Inaniwasha

Dada mshauri, shikamoo, nakuomba uniokoe kabla ya Jumamosi maana mtego huu nimeuingia kwa mdomo wangu mwenyewe. Wifi yangu ameanza kutengeneza sabuni za manukato jikoni kwake, na aliponiletea ya kwanza nikaisifia mbele ya mama mkwe na ukoo mzima, basi akafurahi akaniletea katoni, nikawa naogea hiyo tu, na haikupita wiki vikanitoka vipele vyekundu kifuani na mikononi, vinawasha hadi kazini, maana niko mapokezi kwenye kliniki ya meno na wagonjwa wananikodolea macho wakidhani nitawaambukiza. Mume wangu alipouliza nikasingizia mbu, masikini akanunua chandarua kipya, nikasema basi labda kunguni, akalitoa godoro nje akalianika juani kutwa, lakini nilipokwenda kwa mama kumsalimia nikaogea sabuni yake ya kawaida, vipele vikanywea vyenyewe, na niliporudi kwangu navyo vikarudi, kwa hiyo mchawi namjua. Sasa wifi anazindua biashara yake Jumamosi hiyo na anataka nisimame mbele ya wateja niseme jinsi ngozi yangu ilivyong'aa. Nikikataa nitaambiwa namwonea wivu. Nifanyeje?

Mjikunaji

Mjikunaji, pole, ila umeyataka. Mbu umemsingizia, kunguni umemsingizia, bado kidogo ungemgeukia paka wa jirani. Vipele vyekundu vina sababu nyingi, joto, wadudu, chakula, dawa, hata maradhi ya kuambukiza, lakini wewe ngozi yako imeshakujibu: ndani ya sabuni hiyo kuna kitu isichokitaka, huenda ni hayo manukato. Si aibu ya wifi wala yako, wengine wataogea hiyo hiyo na wasione kitu. Iache leo. Vipele vikigoma kuondoka, nenda kwa daktari, na ukipata homa, uso ukavimba, au ukaona madoa yasiyofifia ukiyabonyeza, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Mumeo mwambie ukweli kabla hajabomoa nyumba. Wifi usimtumie ujumbe, na mama mkwe usimfanye tarishi. Nenda mwenyewe kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, umwonyeshe mikono. Atanuna, mwache anune, kwani bora akununie wewe jikoni kuliko mteja amjie na uso uliovimba. Mwambie, "Wifi, nakupenda, lakini sabuni yako imenikataa." Kisha funga mdomo, umwache yeye aongee.