Bomba la Inchi Tatu

Kwa kaka yangu Katana,

Mkeo Kadzo alikuja gerejini jana asubuhi na ile Landrova yako, na aliyoyataka ndiyo yanayonifanya nikuandikie wewe usiye na anwani. Alitaka nimrudishie bomba la moshi la inchi tatu. Lile lile. Nilikataa, na tangu hapo roho yangu haijatulia, maana naona mambo yanajipanga kama yalivyojipanga masika ya mwaka jana, wiki ile kabla hatujakuzika.

Wewe unajua jambo hili lilivyoanza, lakini niache nilipange tena, kwa sababu watu wamelipanga wapendavyo.

Gari ulilinunua limechakaa, kutoka kwa mwenye shamba mmoja. Tukaliinua springi inchi mbili, tukalivika magurudumu mapana ya mchanga, nikachomelea vyuma vya turubai nyuma, ukaanza kupakia mahindi na muhogo Vitengeni na kuyauza Marereni kwa wafanyakazi wa chumvi. Lilikwenda vizuri. Ukaja siku moja ukaniambia gari linakohoa kama mzee mvuta tumbaku, lataka koo pana.

Nikakueleza. Injini ikizunguka polepole, moshi wake ni mchache, na moshi mchache ukiutia katika njia pana hupoa na kuzubaa, haumvuti mwenzake aliye nyuma. Gari hukosa nguvu pale pale unapozihitaji, mchangani, kwenye gia ndogo. Hukuniamini, tukapima. Njia ya mchanga nyuma ya gereji, mita mia mbili, magunia manane mgongoni. Bomba la inchi moja na robo tatu, sekunde arobaini na moja. Bomba la inchi tatu, sekunde hamsini na sita, na gia ukaishusha mara mbili. Kwenye lami bomba pana lilishinda, kweli, sekunde nne kwa maili moja. Nikakuuliza, kaka, njia yako ya Marereni ina lami maili ngapi?

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mdogo wangu, wewe hata mchuzi utaupima kwa rula. Mimi nauza mahindi, siuzi sekunde."

Kisha ukanipa hesabu yako, na hiyo sikuweza kuipinga. Gari likinguruma, wanawake wa Marereni hulisikia lingali ng'ambo ya mabwawa ya chumvi. Huacha walichokishika, wakashika debe. Ukifika, foleni imekwisha simama, na muuzaji anayekuja nyuma yako hukuta kila nyumba imejaa. Sauti ndiyo iliyokuwa duka lako. Nikalichomelea.

Wiki mbili baadaye ukarudi. Mkia wa bomba ulikuwa ukigonga matuta ya mabwawa kila ukivuka. Ukaniambia nikate hapa, ukanionyesha kwa mguu, chini ya sakafu, nyuma kidogo ya kiti chako. Nikakwambia moshi wa gari sharti utokee nje ya kivuli cha gari, nyuma ya mwisho wa bodi, la sivyo utarudi ndani. Ukasema gari lako lina upepo kila upande. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Halafu nikakata. Hilo nalo niliandike, maana msumeno ulikuwa mkononi mwangu.

Siku ya siku mvua ilikunyeshea baada ya Gongoni. Ulikuwa peke yako. Ulilishusha turubai, ukapandisha vioo, ukaingia kwenye mchanga uliokwisha geuka uji. Gari la sekunde arobaini na moja lingepita. La sekunde hamsini na sita lilikaa. Na stata ilikuwa imekufa, gari likizimika sharti lisukumwe, wewe huna wa kusukuma. Ukaliacha linanguruma, ukingoja trekta likuvute. Watu wa chumvi walipotoka kazini alasiri walilisikia, wakadhani unawaita. Walikukuta umeinamia usukani, na injini ingali inafanya kazi yake.

Matangani nilisikia mengi. Wengine walisema ni jini wa mabwawa, kwa kuwa viganja vyako vilikuwa vyekundu kama vilivyotiwa hina, nao hawajui kwamba moshi wa injini hufanya hivyo. Wengine walisema ni bomba la fundi, wakanitazama nikipita na maji ya kunawa. Hakuna aliyeniuliza nilikwambia nini. Hakuna aliyeuliza nani aliyetaka inchi tatu. Mimi nimejifundisha kazi hii kwa kubomoa na kuunga, sina cheti ukutani, na mtu asiye na cheti lawama haimpotei njia. Nilinyamaza. Lakini sikunyamaza kwa uungwana, kaka. Nilinyamaza kwa sababu nyingine, na nitakwambia.

Baada ya arubaini nilitoa bomba lile, nikatia jembamba lenye sailensa, likafika hadi nyuma kabisa na kupinda juu ili matuta yasiliguse. Gari likawa na nguvu kama trekta. Kadzo akatafuta dereva, na yeye mwenyewe hukaa mbele ubavuni mwake.

Sasa jana amekuja, ameketi juu ya injini kuukuu ya lori la Bedfodi, hakutaka hata maji. "Shemeji, gari limekuwa bubu. Nafika Marereni kama mwizi."

Akanieleza kwamba anakuta mwingine amekwisha uza, kwamba mara tatu amerudi na nusu ya mzigo, na muhogo haungojei. Nikamwambia apige honi. Akasema honi kila mtu anayo. Nikaanza kumpa sekunde zangu, akanikata. "Hesabu hizo zilikuwapo hata wakati wake. Zilimsaidia nini?"

Basi nikamwambia lile nililolinyamazia. Kwamba moshi uliingilia pale sakafuni unapopita mkono wa gia. Mpira wake ulikuwa umepasuka, pamebaki tundu la kupitisha vidole viwili. Niliuona Alhamisi ulipokuja kutiwa oili. Sikuwa na mpira mwingine, nikasema nitautia Jumatatu. Ulikufa Jumamosi.

Nilidhani akijua njia ya moshi ataliogopa bomba. Hakuliogopa bomba.

"Ulijua," aliniambia. Hakuwa anauliza.

Nikasema nilijua.

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nilimwomba kitu kimoja tu, aningoje niuzibe ule mpira, maana tangu nilipotia bomba jembamba sikuona haja ya kuugusa. Alisimama nje ameupa mlango mgongo muda wote nilipokuwa nikikata kipande cha tyubu na kukifunga kwa waya. Kisha tukasukuma, mimi na dereva, gari likawaka, wakaenda zao kwa fundi mwingine wa hapa Malindi, yule anayechomelea anachoambiwa. Mchana wa leo nimepita kwake. Bomba limekwisha tiwa. Nimelipima kwa macho, ni inchi tatu, na limekatwa chini ya sakafu kwa sababu ya matuta.

Kipande changu cha tyubu kinakaa juu ya joto la giaboksi. Nakipa mwezi mmoja, barabara ikiwa nzuri. Barabara si nzuri. Stata haijatengenezwa. Na tangu adhuhuri upepo umegeuka kusini, mawingu yamejaa upande wa mto Sabaki.

Nimekwenda kwake, hakutoka. Nimemtuma mtu, amerudishwa. Neno langu kwake limekuwa neno la muuaji, hata likiwa la kweli.

Wazee wetu husema koma, wafu wetu, huja ndotoni kudai: tembo la mnazi, nguo, kuku. Nitakumwagia tembo bila kudaiwa. Ukimwendea Kadzo usimdai chochote. Mwambie wakikwama wateremke, wakae mvuani. Wasipoteremka, afungue kioo, maji yamwingie mapajani. Sauti yako huenda akaifuata.

Wanapakia kesho alfajiri. Una usiku huu tu.

Lala ulipo, kaka, lakini leo usilale.

Ni mimi mdogo wako, wa ziwa moja.