Nguzo Niliyoifuta

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu Alfajiri. Nimechonga penseli, nimekagua ramani mbili za Rukia. Binti yangu ndiye msanifu wa ofisi sasa. Mimi huisoma michoro yake kila Jumatatu na kutia alama. Mmoja nimeurudisha. Aliuanza kwa sura ya mbele. Katika ofisi hii hatuanzi na sura. Tunaanza na mtu: atasimama wapi, atainama wapi, upepo utamfikia kutoka upande gani. Sura huja yenyewe.

Adhuhuri nimeswali mtaani Huruma, katika ukumbi wa swala ulio chini ya jengo nililolichora mwenyewe. Juu yake wanakaa wapangaji. Nilipotoa salamu upande wa kulia nikaona ufa ukutani, pale boriti kuu inapokalia. Mwembamba kama unywele. Nimebandika kipande cha kioo juu yake kwa plasta na kuandika tarehe. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea, kitavunjika.

Jumanne, 6 Mei

Kioo kizima. Alhamdulillahi.

Hata hivyo sikutulia.

Jumatano, 7 Mei

Niandike lililo kweli, maana hapa hasomi mtu mwingine. Katika mchoro wa kwanza palikuwa na nguzo katikati ya ukumbi ule. Niliifuta. Madrasani tulifundishwa kwamba safu ya swala isikatwe na nguzo, nami nikalifanya neno hilo kuwa msingi wa kazi yetu yote: jengo limpishe mja, si mja alipishe jengo. Mahali pa nguzo nikaweka boriti ndefu. Mhandisi wetu, Were, alikubali kwa sharti moja. Ghorofa nne, zisizidi. Sharti hilo nililiandika kwenye ramani kwa herufi kubwa. Watu waliusifu ukumbi. Nilipenda kusifiwa.

Leo nimesimama ng'ambo ya barabara nikazihesabu. Sita. Mbili za juu zilipandishwa mwaka jana. Niliziona zikipanda. Nilinyamaza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwendea mwenye jengo, Bwana Kassim, dukani kwake. Akaniagizia chai. Nikamweleza habari ya ufa. Akacheka hadi wateja wakageuka. "Sheikh, jengo lile lina imani kuliko sisi wawili. Miaka yote linaswaliwa!" Akaahidi kupaka lipu.

Chai sikuimaliza.

Ijumaa, 9 Mei

Kioo kimevunjika.

Nimekiona khutba ikiwa imekwisha kuanza. Safu saba, bega kwa bega, hakuna nguzo ya kuzikata. Nilipaswa kupaza sauti. Sikupaza. Niliona haya kukatiza khutba. Watu wote walipokwenda sijida, nilisikiliza dari badala ya kusabihi. Swala hiyo sijui kama ni swala.

Baada ya Alasiri Were amekuja. Ameweka kiganja ukutani, kisha akanigeukia. "Mzee, toeni watu. Msingoje lipu." Mlango wa ukumbi tumeufunga. Milango ya wapangaji si yetu kuifunga. Nimetoa taarifa kwa wenye mamlaka. Wamesema watakuja wiki ijayo.

Rukia anataka tuzitaje ghorofa mbili zilizoongezwa tu. "Baba, ya nguzo usiitaje. Ulichora nne, na nne zingesimama. Ukijitaja, ofisi imekwisha." Ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli. Nimechora mitaa hii miaka mingi. Najua wenye ploti, hizi nyumba za kupangisha, huongeza ghorofa. Nilichora kana kwamba sijui.

Jumamosi, 10 Mei

Tumewaita wapangaji uani. Were ameeleza. Rukia ameeleza. Nilizitaja ghorofa mbili, nikaacha hapo kama binti yangu alivyoomba. Hawakusadiki. Wanajua jinsi watu wanavyotolewa nyumbani kwa hila ili wapangishwe wengine kwa kodi ya juu. Mama Atieno wa ghorofa ya tatu alisimama kifua mbele. "Hii sinema tumeiona. Leo ufa, kesho rangi mpya, kesho kutwa kodi imepanda. Mzee, si wewe ulituambia hapa hewa inaingia? Sasa hewa imekuwa mbaya?" Wakamshangilia. Wengine wakaanza kurudi juu.

Nikaona ngazi zimejaa watu wanaopanda. Nikasema. Nikawaambia kwamba ukumbini palipaswa kuwa na nguzo, na kwamba niliyeiondoa ni mimi, kwa ajili ya uzuri wa safu na uzuri wa jina langu.

Rukia alitazama chini.

"Wewe, Mzee? Kwa mkono wako?"

"Kwa raba, mama."

Mama Atieno aligeukia jengo. Kisha akainua uso kuelekea dirishani kwake, akawaita wanawe kwa sauti ya kupasua. "Shusheni godoro! Wacheni vyombo, shusheni godoro!"

Hadi Magharibi walikuwa wakishusha.

Jumatatu, 12 Mei

Jengo tupu. Nusu ya watu wamo madrasani, nusu kanisani kwa Mama Atieno. Mvua haikatiki. Bwana Kassim amepiga simu kunilaani, kisha akakata. Wateja wawili wamechukua ramani zao ofisini bila kuketi. Rukia hasemi nami ila la lazima.

Barabarani kijana mmoja amenisalimu kwa kicheko. "Niaje, mzee wa nguzo! Mbona ploti bado iko?"

Bado lipo. Nimesimama nikilitazama na nikajikuta natamani lianguke, nionekane mkweli. Nimemwomba Mungu msamaha papo hapo.

Jumanne, 13 Mei

Nguo zimeanikwa ghorofa ya tano. Mtu amerudi. Nimepanda mwenyewe, magoti yakiniuma, hadi mlangoni pake. Ni fundi cherehani na mkewe. Mlango haufungiki tena, fremu imepinda. Nimewaonyesha hiyo fremu tu. Tumeshuka sote watatu. Ngazi zilikuwa zikitoa mchanga.

Jumatano, 14 Mei

Limeanguka baada ya Alasiri. Sauti haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Katikati ndipo palipoanza kuzama.

Hapakuwa na mtu ndani. Mama Atieno alisimama kando yangu akiwahesabu wanawe kwa kuwagusa vichwa. Alipomaliza, akaanza upya.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imekatika. Tumeitwa kujieleza kwa wanaotoa leseni za usanifu. Tutakwenda sote wawili, mimi na Rukia.

Siku hizi nakumbuka mwisho wa lile somo la madrasani. Sheikh wetu aliongeza kwamba penye dhiki ya nafasi si vibaya kuswali baina ya nguzo. Maneno hayo sikuyabeba.

Asubuhi Rukia ameniletea mchoro wa ukumbi mdogo wa swala. Katikati ya safu ya pili ameweka nguzo, nene, imetiwa wino mweusi. Alisimama kunitazama. Raba ilikuwa karibu na mkono wangu.

Nimetia alama ya kukubali, nikamrudishia. Kisha nimekwenda kutawadha.