Mama Akishuka Pwani

Hell-Ville, Nosy Be
11 Septemba 1981

Kwako dada yangu mpenzi Koulsoum,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo. Natumai wewe, shemeji Youssoufa na watoto hamjambo, na lile jino lako limeshang'olewa, maana najua unavyomwogopa daktari. Mimi mwili wangu mzima. Mama naye anakula vizuri, hasa samaki, na anakusalimu, ingawa salamu hizo nimezitunga mimi.

Miezi mitano imekwisha tangu nije kumchukua. Nyumba ya Mangarivotra, kule Mahajanga, alikoishi na marehemu mumewe, tumemrudishia mwenyewe, tukaja huku kumuaga wifi yake, Bi Halimati. Jumatano tunavuka kwenda Ankify, kisha turudi Mahajanga kungojea meli. Katika barua yako ulisema mama akifika Unguja atakaa kwangu, kwa kuwa sina mume wala mtoto wa kunishughulisha. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi.

Dada, ninaogopa. Kila siku, adhana ya alfajiri ikishasikika, mama hushika viatu mkononi akashuka pwani. Husema meli inaondoka leo. Kiswahili chake kimebaki cha dua na cha mambo ya baharini tu, hivyo hunieleza kwa Kingazija kwamba anakwenda kwa binti zake wawili, aliowaacha kwa mama yake wakiwa wadogo. Mimi ni mmoja wao, na ndimi ninayemshika mkono, lakini yeye huniita Echata, jina la shoga yake wa mtaa wa Mahabibo, kule Mahajanga. Njia nzima hunisimulia habari zetu, kwamba yule mkubwa ni mkali na yule mdogo hulia ovyo. Hapo hajakosea.

Mwanzoni matembezi hayo niliyapenda. Kuna ubaridi, wanawake wamekaa na ndoo zao wakisubiri samaki, na harufu ya maua ya langilangi inakuja kutoka kiwanda cha manukato. Siku ya tisa mama akaingia majini. Aliingia kama mtu anayevuka barabara. Maji yalikuwa yamemfika kifuani nilipomkamata, naye akanizaba kofi akisema namchelewesha. Bi Halimati alishauri tufunge mlango kwa ufunguo. Tulifunga, na mama akaugonga kwa paji la uso mpaka damu ikatoka, basi tukaacha. Tangu hapo kitasa kikilia tu huruka kitandani nikamfuata.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Jumanne nilisikia kitasa. Nilikuwa macho kabisa. Nikasikia nyayo zake ukumbini, nikasikia na mlango wa nje, nami nikabaki kitandani. Usije ukanitetea kwamba nilichoka. Nilijiambia mwache aende, iishe. Chumba cha pili Bi Halimati alikuwa anasali. Nilimsikiliza mpaka akamaliza rakaa zote mbili na kutoa salamu, ndipo nikaruka nikakimbia peku.

Nilimkuta mama mchangani, ameloa hadi nywele, na mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki amemfunika nguo yake. Yule mchuuzi aliniambia nimshukuru Mungu, kwani aliona kichwa tu juu ya maji. Alidhani usingizi ulinipitia, akanipa pole. Na mimi nikaipokea.

Siiogopi tena bahari, dada. Najiogopa mimi. Nyumba ya Malindi, hapo Unguja, bibi alikupa wewe kwa sababu ndiyo mila yetu Wangazija, nyumba ni ya binti mkubwa, na mama huzeekea humo. Sijawahi kukukumbusha, niliona haya. Leo nakukumbusha. Mchukue wewe. Nitakuja kufua, kupika na kumwogesha mchana kutwa, watu wakiwepo. Ukiona sasa huwezi kuniita mdogo wako, nitalia, lakini mchukue.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na shemeji mpe salamu tu, haya mengine yabaki baina yetu. Zimebaki alfajiri tano kabla ya kuvuka. Nimemwomba Bi Halimati alale chumbani kwetu. Nimemwambia naogopa wezi.

Ni mimi mdogo wako,
Ansoifa